Gramafoni ya mzee: Ifufue bila kuhatarisha maisha

Huenda iko sebuleni kwenu hivi sasa. Ni sanduku pana la mbao lenye miguu minne mifupi, juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma na kuwekwa televisheni, na hakuna aliyelifungua kwa miaka na mikaka. Au ni kijisanduku chenye mpini kilichotupwa juu ya kabati, kikawa makao ya vumbi na mende. Wengine waliita gramafoni, wengine kinanda cha santuri, na ile kubwa iliyounganishwa na redio ikaitwa radiogramu. Wakati mmoja ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba.

Ikiwa nawe umeanza kuitupia jicho ukiwaza kuchukua bisibisi na kuitengeneza kwa mikono yako, makala haya yanakuhusu. Hatukusudii kukuvunja moyo. Kazi hii hutuliza akili, haihitaji vifaa vingi na huweza kumletea mzazi wako mkongwe furaha asiyoipata kwa vidonge. Lakini mashine hizi zina hila moja: huonekana zimekufa ilhali hazijafa.

Mimi nililijua hilo siku nilipoifungua radiogramu ya baba. Nilikuwa nimeiwasha kwa dakika chache, ikavuma bila kutoa wimbo. Nikaizima, nikachomoa plagi na kuiweka juu ya meza mbele ya macho yangu nisije nikasahau. Kisha nikatoa ubao wa nyuma na kuingiza mkono kushika waya uliokuwa umelegea. Nilirushwa nyuma, kiwiko kikagonga ukuta, na mkono ukafa ganzi hadi jioni. Plagi ilikuwa bado mezani.

Fundi mmoja mzee niliyemsimulia mkasa huo alitikisa kichwa. "Kijana," akaniambia, "umeme hukaa humo ndani kama maji mtungini. Kufunga mfereji si kumwaga maji."

Kwa nini watu wanazirudia

Santuri zina historia ndefu kwetu. Mnamo 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay nchini India kurekodi nyimbo zake, na sahani hizo zikasikika kote pwani. Baadaye zikaja nyimbo za Fundi Konde, Fadhili William, Daudi Kabaka na Joseph Kamaru. Kuanzia miaka ya 1970 kanda za kaseti zilianza kuzisukuma santuri kando, na diski za CD zikamalizia kazi hiyo. Hata hivyo, hazikutoweka. Katika vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi, santuri kuukuu zimeendelea kupata wanunuzi, wengi wao vijana ambao hawakuwa wamezaliwa sahani hizo zilipotengenezwa.

Kijana anayenunua santuri huhitaji mashine ya kuichezea, na aghalabu iliyo karibu ni ile ya babu. Hapo ndipo hatari huanzia.

Jua uliyo nayo

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, tambua aina ya mashine yako, kwani kila aina ina hatari zake.

Ya kwanza ni gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono. Haitumii umeme hata kidogo. Huendeshwa na kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliojiviringa ndani ya kikopo, nayo hucheza sahani nzito za mwendo wa 78 kwa dakika.

Ya pili ni mashine ya umeme yenye vali, zile taa za kioo zinazong'aa rangi ya chungwa zikipata moto. Nyingi ni za miaka ya 1950 na 1960. Hii ndiyo hatari kuliko zote.

Ya tatu ni mashine ya transista, iliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndani yake umeme huwa mdogo zaidi, ila pale waya wa ukutani unapoingilia, nguvu ni zile zile za volti 240 tunazotumia nchini Kenya.

Angalia pia mashine ilitoka wapi. Iliyoletwa kutoka Marekani ilitengenezewa volti takriban 110, na ukiichomeka kwenye soketi ya hapa bila transfoma itaungua. Hata ukiipatia transfoma, nyingi zitazunguka polepole, kwa sababu umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na mota za zamani hufuata mapigo hayo. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mwenye mafua.

Panya, vumbi na kuvu

Sanduku lililofungwa miaka ishirini si tupu. Panya hupenda kuzaa humo, mende hutaga mayai, na katika miji yenye unyevu kama Mombasa na Malindi, kuvu huota kwenye mbao, kwenye kitambaa cha spika na kwenye majalada ya santuri.

Usilifungue chumbani na kuanza kupuliza vumbi kwa mdomo. Lipeleke uani au kwenye veranda. Vaa barakoa na glavu za mpira. Ukiona mavi ya panya, usiyafagie yakiwa makavu, kwani vumbi lake huingia mapafuni. Kwanza hakikisha plagi imechomolewa. Kisha lowesha uchafu huo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini kama Jik, ngoja dakika kadhaa, ndipo uuondoe. Usimwage maji hayo juu ya nyaya. Mkojo wa panya huweza kubeba viini vya leptospirosisi, ugonjwa unaoleta homa kali na hata kudhuru ini na figo, navyo hupenya mwilini kupitia michubuko midogo ya ngozi.

Kwa mwenye pumu, kuvu na mabaki ya mende ni adui wakubwa. Ikiwa nyumbani kuna mtoto au mzee anayetumia pampu ya pumu, usafi huu ufanywe na mtu mwingine, na mashine isiingizwe ndani mpaka iwe imepigwa jua na kukauka.

Umeme unaokungoja

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Ndani ya mashine ya vali mna volti 200 hadi 300, na kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita ambavyo kazi yake ni kuhifadhi umeme. Ukichomoa plagi, kapasita huweza kubaki na umeme huo kwa dakika nyingi, saa kadhaa au hata zaidi. Ndiyo iliyonirusha.

Watu wengi huuliza: je, umeme wa kifaa kidogo kama hiki unaweza kuua? Naam. Taa ya kawaida ya wati 60 hutumia miliampea 250. Miliampea 50 pekee, zikipita kifuani, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi moyo ukatetemeka badala ya kusukuma damu. Ngozi kavu huzuia kiasi fulani cha umeme. Ngozi yenye jasho au maji haizuii sana. Ndiyo maana mafundi wa zamani walifanya kazi wakiwa wamevaa viatu vya mpira, na mkono mmoja wakautia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kutoka mkono huu hadi ule kupitia moyoni.

Zingatia mambo yafuatayo:

Usiamini swichi. Katika mashine nyingi za zamani swichi hukata waya mmoja tu. Ikiwa plagi ilifungwa kinyume, mashine "imezimwa" lakini waya wenye moto bado umo ndani. Chomoa plagi kila mara.

Tazama waya wa ukutani. Ganda la mpira au la pamba la miaka ya 1950 hukauka na kumeguka kama ukoko. Likimeguka, usilifunge kwa utepe. Badilisha waya wote.

Usikisie rangi. Katika nyaya za zamani za Uingereza, nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ndiyo ya kurudisha umeme na ya kijani ni ya ardhini. Katika nyaya za siku hizi, kahawia ina moto, buluu inarudisha umeme, na ya kijani yenye mistari ya manjano ni ya ardhini. Lakini katika mashine za Marekani nyeusi ndiyo yenye moto! Anayekisia hapo anacheza kamari na uhai wake.

Tazama fyuzi. Plagi nyingi za miguu mitatu huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, inayofaa pasi au birika. Gramafoni inatosheka na fyuzi ya ampea 3. Ile kubwa itaacha mashine iungue kabla haijakatika.

Mwaga umeme uliobaki. Mafundi hutumia rezista, kwa mfano ya ohmu elfu kumi na wati tano, iliyofungwa kwenye waya wenye mpini wa plastiki. Huigusisha kati ya ncha mbili za kapasita kwa sekunde kama kumi, kisha hupima kwa mita kuhakikisha umeme umekwisha. Baada ya muda hupima tena, kwa kuwa kapasita huweza kujirudishia umeme kidogo. Usitumie bisibisi kuzigusanisha ncha hizo. Cheche zake huchoma macho na vidole.

Kuna pia mashine ndogo za bei nafuu za zamani ambazo bamba lake la chuma limeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukishika skrubu iliyo wazi umeshika umeme. Usijaribu kuziongezea waya wa ardhini wala kuziunganisha na kifaa kingine.

Hapa tuseme wazi. Ikiwa huna mita, au hujui kuitumia, kazi yako iishie kwenye mbao, mkono wa sindano na usafi. Umeme mwachie fundi wa redio mwenye uzoefu wa vali. Huo si woga. Unapompelekea, mwombe abadilishe kapasita zote kuukuu za karatasi na nta hata kama zinaonekana nzima, kwa maana hizo ndizo zinazovuja na kuunguza transfoma. Nyumbani nako, swichi kuu yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, imeokoa maisha ya wengi.

Kamani nayo hukata

Mwenye gramafoni ya kuzungushwa asijidanganye kwamba amesalimika kwa kuwa hana umeme. Kamani iliyokazwa ni kama mtego. Ukifungua kikopo chake kabla ya kuilegeza, utepe ule wa chuma huruka nje kwa nguvu na kuweza kukata kidole hadi mfupani au kupofua jicho.

Kwanza acha mashine izunguke yenyewe hadi iishiwe nguvu kabisa. Vaa glavu nene za ngozi na miwani ya kinga. Ukigundua kwamba kamani imekatika au imegandamana na grisi iliyokauka, mpelekee fundi wa saa kubwa au wa cherehani anayejua kamani.

Sindano za gramafoni hizo ni za chuma, na kila moja ilikusudiwa kucheza upande mmoja wa sahani kisha itupwe. Kwa hiyo utazikuta nyingi zimetawanyika sandukuni, zenye kutu. Zikusanye kwa sumaku, uzitie katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Zikikuchoma na hukumbuki mara ya mwisho ulipochanjwa dhidi ya pepopunda, nenda zahanati.

Moshi na sumu zisizoonekana

Ukishaanza kubadilisha nyaya utahitaji kulehemu. Lihamu ya zamani, na nyingi inayouzwa hadi leo, ina risasi, kwa kawaida asilimia 40. Wengi huogopa moshi wake wakidhani ndio wenye risasi. Kwa kweli joto la chuma cha kulehemu halitoshi kuigeuza risasi kuwa mvuke wa kutisha. Risasi huingia mwilini kupitia vidole: unalehemu, unapumzika, unakula mandazi bila kunawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo unaokua, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo, nawa kwa sabuni, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na usilehemu juu ya meza ya kulia chakula.

Moshi nao una madhara yake. Hutokana na utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya wa lihamu, na ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya pumu ya kazini. Fungua dirisha, weka feni ndogo ipeperushe moshi upande mwingine, na usiinamishe uso juu ya kazi yako.

Jihadhari pia na vitu vitatu vya zamani. Baadhi ya kapasita kubwa za mafuta zilijazwa kemikali za PCB, zilizopigwa marufuku kutengenezwa nchini Marekani mwaka 1979 kwa sababu ya sumu yake. Ikivuja mafuta, usiishike kwa mikono mitupu na usiichome moto. Pili, rektifaya za seleniamu, zenye mabamba kama mapezi, zikiungua hutoa harufu mbaya ya kitu kilichooza. Ukiisikia, chomoa plagi, fungua madirisha na utoke. Tatu, baadhi ya masanduku yaliwekewa ubao mweupe wa asbesto juu ya vali kuzuia joto. Usiukwangue, usiupige msasa wala kuuvunja, kwani nyuzinyuzi zake zikivutwa huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Ukiwa mzima, uache mahali pake.

Kusafisha na kurekebisha

Sasa tuje kwenye sehemu ya kazi yenye raha, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifanya mashine ikiwa imechomolewa.

Mara nyingi gramafoni haizunguki kwa sababu grisi yake imegeuka gundi. Mota huvuma bila kuzunguka na kupata moto. Ukisikia hivyo, izime mara moja. Ondoa sahani ya kuzungushia, pangusa grisi ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha tia tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Pangusa pia gurudumu la mpira linalozungusha sahani. Likiwa limekauka na kuwa gumu kama mfupa, halitashika. Zile zinazotumia mkanda wa mpira huhitaji mkanda mpya, kwa kuwa wa zamani hulegea au huyeyuka ukawa kama lami.

Usitumie petroli kusafishia, hata kidogo. Mvuke wake hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili na kurudi na moto. Spiriti pia hushika moto upesi, kwa hiyo itumie penye hewa, mbali na jiko na sigara. Tena kuna jambo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: sahani za mwendo wa 78 zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa India, na spiriti huiyeyusha. Zisafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha uzikaushe kivulini.

Sindano ikirukaruka, usifuate ile desturi ya kuweka sarafu ya shilingi juu ya mkono wake. Uzito huo huchimba santuri na kuiharibu milele. Badilisha sindano. Kumbuka kwamba sindano ya sahani za 78 ina ncha nene karibu mara tatu ya ile ya santuri za baadaye, kwa hiyo moja haifai kwa nyingine. Ikiwa sindano ni mpya na sauti bado haitoki, huenda kichwa chake ndicho kilichokufa. Vichwa vingi vya zamani vilikuwa na kipande cha fuwele ya chumvi kinachoharibiwa na joto na unyevu, na cha pwani ndicho huharibika upesi zaidi.

Nyaya za mkono wa sindano ni nyembamba kama unywele. Ikiwa umepita miaka 40 na unalazimika kuzisogeza mbali ndipo uzione, macho yako yanakuomba miwani ya kusomea. Tumia taa yenye mwanga wa kutosha, weka mashine juu ya meza iliyo sawa na kifua chako badala ya kuinama sakafuni, na kila baada ya nusu saa nyoosha mgongo na utazame mbali.

Masikio yako na ya jirani

Siku itakapoimba, utashawishika kuifungulia sauti mtaa mzima usikie. Punguza kwanza sauti kabla ya kushusha sindano, kwa sababu kishindo cha sindano kikikuzwa huumiza masikio na kupasua spika.

WHO linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu kwa wiki. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja analazimika kupaza sauti ndipo umsikie, imezidi. Na ikiwa mzee hulalamika kila mara kwamba sauti ni ndogo, usiongeze tu. Mpeleke akachunguzwe masikio. Huenda ni nta iliyoziba, nayo huondolewa hospitalini kwa muda mfupi.

Mtu akipigwa na umeme

Usimguse kabla ya kukata umeme. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu, kama mpini wa fagio. Ikiwa hana fahamu na hapumui kama kawaida, piga simu 999 au 112, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike au azinduke. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha huduma hii ya kwanza.

Hata aliyesimama na kucheka baada ya kurushwa aende hospitalini. Moyo huweza kuyumba baadaye, na umeme huweza kuchoma nyama za ndani huku ngozi ikionyesha doa dogo tu. Mimi sikwenda. Lilikuwa kosa, na sikushauri uliige.

Faida yake kwa mzee

Baada ya hatari zote hizo utauliza: je, kazi hii ina maana? Ina maana, hasa ikiwa nyumbani mna mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu. Kumbukumbu za ujana, takriban kati ya miaka 10 na 30, ndizo ambazo watu wazima huzikumbuka kwa wingi, na nyimbo za wakati huo huziamsha. Tathmini ya tafiti mbalimbali iliyochapishwa mwaka 2018 na wataalamu wa Cochrane ilionyesha kwamba tiba za muziki huenda zikapunguza huzuni kwa watu wenye ugonjwa wa kusahau. Hata hivyo, haikuonyesha kwamba muziki huwarudishia kumbukumbu zilizopotea. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gramafoni ni dawa ya ugonjwa huo. Mzee bado anahitaji daktari, lishe, usingizi na watu wa kuzungumza naye.

Radiogramu ya baba ilirudi kutoka kwa fundi baada ya wiki tatu. Wakati huo baba alikuwa akiwachanganya majina wajukuu wake, na siku nyingine aliniita kwa jina la ndugu yake. Niliweka santuri bila kumwambia kitu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ametazama dirishani, kisha akasema, "Igeuze. Upande wa pili ndio wimbo." Kesho yake alikuwa amesahau tena. Lakini mama alikuwa amejua la kufanya jioni.

Ukiamua kuifufua ya kwenu, anza na usafi, maliza na umeme, na umeme wenyewe umpe anayeujua. Isiachwe imechomekwa usiku wala nyumba ikiwa haina mtu. Na kabla hujaingiza mkono ndani, hata plagi ikiwa mezani mbele yako, kumbuka mtungi wa yule fundi. Tahadhari kabla ya hatari.